Kitabu cha Kariakoo Kishonwe Kariakoo

Anayetaka kuijua historia ya Kariakoo ana njia mbili kubwa. Awe na Kiingereza cha chuo kikuu pamoja na fedha za kununulia vitabu vya maprofesa, au awe na mzee aliyekulia pale na mwenye subira ya kukaa naye barazani. Katikati kuna kazi chache za Kiswahili, za Mohamed Said zikiwa mbele. Huyu ndiye mwandishi wa Maisha na Nyakati za Abdulwahid Sykes, na kwa miaka mingi amekuwa akitueleza nyumba kwa nyumba nani aliishi wapi na kikao gani kilikaa kwa nani. Lakini kalamu moja haiwezi kuimaliza Kariakoo. Wazee nao wanapungua, na baraza walizokuwa wakikalia zimegeuka milango ya vyuma ya maduka.

Ninayo njia ya tatu ya kupendekeza. Mtaa mmoja mmoja utengeneze kitabu chake kwa mkono, kwa karatasi, gundi, uzi na boksi, wakazi wakishika kalamu, mkasi na sindano kwa zamu, na nakala zisizidi kumi. Wasanii wa Ulaya na Marekani wanaijua sana kazi ya namna hii. Wanaiita kitabu cha msanii, yaani kitabu ambacho mkunjo, mshono, karatasi na jalada navyo vinasimulia, havikuwekwa pale kubeba maneno tu. Makumbusho makubwa yana mikusanyo ya vitabu hivyo. Kwetu tunaweza kukiita kitabu cha mtaa na kazi ikaendelea.

Asije mtu akasema huo ni uzungu. Katika mji wa Siyu, kisiwani Pate, karne za 18 na 19, mafundi walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano, juu ya karatasi zilizovuka bahari kutoka Ulaya. Siyu ulikuwa mji wa mafundi wa ngozi na mbao, na vitabu vyake vilizaliwa katika mazingira hayo ya watu wanaojua kukata, kutoboa na kushona. Pwani hii ilikuwa ikitengeneza vitabu kwa mikono kabla mashine ya kuchapa haijafika. Tulichosahau ni kwamba kitabu ni kitu cha kutengenezwa. Siku hizi tunakidhani ni kitu cha kuagizwa.

Kwa nini Kariakoo? Kwanza, kwa sababu ndiyo sehemu ya Dar es Salaam ambayo kila Mtanzania ana lake la kuisema. Pili, kwa sababu historia yake imelaliana kama maboksi ghalani, na ukivuta moja yanaanguka yote.

Tazama mwanzo wake tu. Wajerumani ndio waliopima mitaa ile iliyonyooka, vita vya kwanza vya dunia vikiwa mlangoni. Kabla hawajamaliza walilotaka, Septemba 1916 Waingereza wakaingia Dar es Salaam, na eneo lile likawa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Ulimi wa watu ukalifanyia kazi jina hilo likawa Kariakoo, kama ulivyofanya Nairobi ambako wanasema Kariokor. Wapagazi wale walibeba risasi, unga na majeruhi katika vita visivyowahusu, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Mwaka 1927 ikazinduliwa sanamu ya Askari katikati ya mji. Aliyesimama juu pale ni askari na bunduki yake. Nairobi walimsimamisha mpagazi pamoja na askari, lakini sisi mpagazi wetu hakupandishwa juu. Kwa hiyo eneo zima lina jina la watu ambao sura zao hatuna, na hilo peke yake lingetosha kuwa ukurasa wa kwanza: ukurasa wenye mzigo bila mbebaji, kila mtoto wa mtaa akichora mzigo wake.

Halafu wakaja wakazi. Wazaramo walikuwa wenyeji, lakini Kariakoo ilijengwa pia na watu wa Manyema ambao asili yao ni Kongo, Washihiri kutoka Hadhramaut, watoto na wajukuu wa askari waliokuja na Wajerumani kutoka kusini, na wengine wengi. Serikali ya Kiingereza iliugawa mji kwa rangi za watu, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama mpaka. Ule uwanja tunaopigia picha za sherehe za kitaifa ulizaliwa kama uzio. Nyumba zilikuwa zile za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye jiko, kisima au bomba, na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Ndani ya ukumbi mmoja ungekuta Mzaramo, Mnyamwezi na Mngazija wakigombea foleni ya bafu, na wakizikana wakifiwa.

Siasa ilikulia humo humo. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa katika ofisi ya TAA, chama kilichoitangulia, Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, na waliokuja kununua mchicha walirudi na habari za chama. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma cha Bomba kabla hajawa kiongozi wa akina mama wa TANU, na aliwaingiza wanawake kwenye chama kupitia vikundi vya ngoma vilivyokwisha kuwa na wanachama, viongozi na utaratibu wa kuitana. Ukisoma vitabu vya shule utadhani uhuru uliletwa na hotuba. Kariakoo inasema uliletwa pia na ngoma, mchango wa senti, na sufuria la pilau lililopikwa uani.

Michezo nayo ina nyumba pale. Yanga, iliyoanzishwa 1935, ina makao yake Jangwani. Simba, iliyotengana nayo mwaka uliofuata na kuitwa Sunderland hadi 1971, iko Msimbazi. Muulize yeyote mwenye mvi kwa nini walitengana. Kisha mwulize aliyeketi jirani yake. Utapata hadithi mbili zisizokutana popote, na kila mmoja atakuapia.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kitabu cha kiwandani kinamtaka mwandishi achague. Mhariri atamwambia hadithi mbili zinamchanganya msomaji, aandike moja, nyingine aitaje kwa sentensi. Kitabu cha mkono hakina shida hiyo. Unabandika simulizi ya mtu wa Jangwani, kisha juu yake unabandika karatasi ya pili kwa upande mmoja tu, ikifunguka kama dirisha, yenye simulizi ya mtu wa Msimbazi. Msomaji anafungua na kufunga mwenyewe. Mabishano yanabaki hai ndani ya kitabu, kwa mwandiko wa wanaobishana. Kwa eneo kama Kariakoo, ambalo kila jambo lina wenye nalo wawili au watatu, sijui umbo jingine la kitabu linalofaa kuliko hili.

Sasa umbo lenyewe. Mwaka 1966 msanii wa Marekani Ed Ruscha alitoa kitabu cha barabara ya Sunset Strip ya Los Angeles. Alipiga picha kila jengo kwa kamera iliyofungwa kwenye gari, akaziunganisha, akazichapa kwenye karatasi moja iliyokunjwa kunjwa. Kikifunguliwa chote kina urefu wa karibu mita saba na nusu: upande mmoja wa barabara umepita juu, wa pili umepita chini kichwa chake kikiwa kinyume. Katika picha zile hakuna anayezungumza. Ni majengo tu, na nadhani ndivyo alivyotaka. Sisi tuchukue mkunjo wake na kuujaza watu.

Watu wa taarabu wanajua kodiani inavyovutwa na kukunjwa. Kitabu cha mtaa kikunjwe hivyo. Chukua karatasi nzito ya A3 na uikate katikati kwa urefu wake. Unapata vipande viwili vya sentimita 42 kwa karibu 15. Pima sentimita kumi mara nne, kunja mbele na nyuma, na sentimita mbili zilizobaki ziwe za kuunganishia kipande kinachofuata. Vipande ishirini vikiunganishwa vinakupa mikunjo themanini na kitabu cha mita nane. Kila kiwanja cha mtaa kinapewa mkunjo wake. Mbele ya karatasi unakwenda upande wa kulia wa mtaa, nyuma yake unarudi kwa upande wa kushoto. Anayefungua kitabu chote lazima apate meza ndefu au watu wa kumshikia, na hilo si kasoro.

Usianze na Kariakoo nzima. Anza na mtaa mmoja, Narung'ombe, Mkunguni au Sikukuu, na hata huo uuanze kipande: kutoka kona hii hadi kona ile. Nimeona miradi ya historia ikifa kwa sababu wenye nayo walitaka kuanza na ukoloni na kumaliza na dira ya taifa. Mkunjo mmoja wa nyumba moja uliojaa kweli una uzito kuliko sura nzima ya maneno ya jumla.

Karatasi ina siri ambayo mafundi wa steshonari wanaijua na wengine hatuijui. Nyuzi zake zimelala upande mmoja. Ikunje kidogo kwa upande huu bila kuivunja, kisha kwa upande ule. Upande unaokubali kwa urahisi ndiko nyuzi zilikolala, na mkunjo unatakiwa uende sambamba nazo. Ukilazimisha kinyume, karatasi inapasuka mgongoni na kitabu kinavimba, hasa kwa unyevu wa Dar es Salaam. Mambo haya yakielezwa kwa watoto wa darasa la tano wanayashika kwa dakika chache. Watu wazima ndio wanaobisha.

Gundi ya chupa inafaa kwa haraka, lakini gundi ya kupika ni nafuu na inaweza kubanduliwa kwa maji siku kitabu kikihitaji matengenezo. Vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ngano kwa kikombe cha maji, moto mdogo, koroga bila kuacha hadi iwe uji mzito unaong'aa, kisha chuja kwa chujio la chai. Matone machache ya mafuta ya karafuu huzuia ukungu. Paka nyembamba. Weka kitabu chini ya tofali lililofungwa kwa gazeti hadi kesho yake, na usichungulie. Mende wanaipenda gundi hii kuliko wewe unavyokipenda kitabu, kwa hiyo kikishakamilika kitunzwe kwenye boksi lenye kifuniko.

Na tukizungumzia boksi, jalada la kitabu cha Kariakoo lipo njiani kila jioni. Maboksi ya simu, ya vyombo, ya viatu na ya nywele za bandia hurundikwa nje ya maduka, na vijana huyakusanya na kuyauza kwa kilo. Huko Buenos Aires, Argentina, baada ya uchumi kuporomoka mwaka 2001, watu wengi walijikuta mitaani wakiokota maboksi ili wale. Mwaka 2003 kikaanzishwa kikundi kinachoitwa Eloísa Cartonera. Walinunua maboksi kwa waokotaji kwa bei iliyo juu ya ile ya soko, wakayakata kuwa majalada, wakayapaka rangi kwa mkono, moja moja, na ndani wakatia hadithi na mashairi yaliyotolewa nakala kwa mashine. Hakuna majalada mawili yaliyofanana. Mtindo ukaenea Amerika ya Kusini, na hata Maputo, kwa jirani zetu wa Msumbiji, kukawa na kikundi cha namna hiyo kiitwacho Kutsemba Cartão.

Kinachonivutia katika kazi ya watu wale wa Buenos Aires ni ile bei. Mwokota boksi hakufanywa mapambo ya kitabu, alilipwa. Kitabu cha Kariakoo kikitengenezwa, kijana wa maboksi awemo kama muuzaji wa malighafi na kama msimulizi pia. Anajua duka gani limefungwa, lipi limefunguliwa na nani sasa anauza nini, kabla ya ofisi yoyote ya takwimu.

Boksi likatwe mistari yake ya ndani ikiwa imesimama, sambamba na mgongo wa kitabu, kwa sababu ile ile ya nyuzi za karatasi. Mgongo ufunikwe kwa ukanda wa kanga kuukuu. Maandishi ya kiwandani yaliyo kwenye boksi yasifutwe yote. Jina la mji wa Guangzhou likiachwa lionekane ndani ya jalada, mjukuu wa atakayekisoma ataelewa kwamba wafanyabiashara wa zama zetu walikuwa wakipanda ndege kufuata mzigo China, Dubai na Istanbul, na kwamba mteja wao alitoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni.

Ndani ya kitabu kazi zigawanywe kwa ujuzi uliopo mtaani. Fundi cherehani anajua kushona mstari ulionyooka kuliko msanii yeyote. Fundi viatu ana sindano nene na anajua kuupaka uzi nta usikatike, kwa hiyo vijitabu vidogo vya ndani, vile vya simulizi ndefu, ashone yeye: matundu matatu katikati ya mkunjo, uzi uanzie ndani tundu la kati, utoke, upitie la juu, ushuke la chini, urudi kati, ufungwe. Kijana wa kuchora mabango ya saluni aandike majina ya mitaa ya zamani na ya sasa, Kichwele ikitazamana na Uhuru. Watoto wachonge mihuri kwa soli za kandambili zilizochakaa, herufi zikichongwa kinyume ili zisomeke zikigongwa. Mtu asiyejua kuandika anaweza kuweka karatasi juu ya nakshi ya mlango, bamba la namba ya nyumba au mfuniko wa chuma wa mfereji, akasugua kwa krayoni, na alama ikatokea kwa ukubwa wake halisi. Hiyo ni kumbukumbu isiyoghushika. Mlango wenyewe ukishauzwa kwa mtalii, alama yake imebaki.

Picha ndizo zenye hatari. Usibandike picha halisi ya mtu, hata akikupa kwa moyo mkunjufu. Ipeleke kwa mwenye mashine, itolewe nakala, irudi kwake siku hiyo hiyo ikiwa imekauka na imenyooka. Nakala za mashine ya fotokopi hudumu kuliko zile za printa ndogo za wino wa maji, ambazo tone moja la chai huziyeyusha. Jaribu kwa kidole chenye maji kabla hujaamini.

Liko jambo gumu zaidi ya karatasi na gundi, nalo ni viwanja. Kariakoo ya leo kiwanja kimoja kina thamani ya kujenga ukoo au kuuvunja. Nyumba nyingi za Kiswahili ziliuzwa au kuingiwa ubia na wajenzi wa maghorofa, na nyuma ya baadhi ya maghorofa hayo kuna mirathi ambayo ndugu hawajaimaliza. Ukienda na daftari kumwuliza bibi nyumba hii ilikuwa ya nani, wajukuu watauliza nani kakutuma. Wana haki. Kitabu cha mtaa kisijigeuze hati ya kumiliki. Kiulize waliishi akina nani, walipika nini, nani alikuwa na redio, harusi ya nani ilifunga mtaa, maji yalichotwa wapi. Mambo ya umiliki yaachwe mahakamani. Na msimulizi yeyote asomewe alichosimulia mbele ya mashahidi wake kabla hakijabandikwa. Akitaka kuondoa, kiondolewe. Gundi ya unga inaruhusu.

Tena wapo watakaosema wapangaji na wamachinga si wenyeji, kwa hiyo hawana historia ya kuandika. Hoja hiyo naikataa kabisa. Kariakoo ilianza na watu waliotoka mbali wakiwa na mizigo kichwani, na wengi wa waliomo leo ni wa namna hiyo hiyo. Mama lishe kutoka Lushoto aliyepika kona moja kwa miaka ishirini anaijua kona ile kuliko mwenye nyumba aliyehamia Mbezi.

Soko lenyewe lipewe mikunjo mingi, maana hapo hadithi imejaa. Mchoraji wa jengo lake alikuwa Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, inayotoa kivuli na kupokea maji ya mvua. Mtu mwenye mkasi anaweza kulikata paa lile kwa karatasi na kulikunja likasimama ukurasani mtoto akifungua. Julai 2021 soko likaungua. Wafanyabiashara walihamishwa, ujenzi ukafuata, na kila aliyekuwa na kizimba ana simulizi ya usiku ule. Novemba 2024 ghorofa likaporomoka katikati ya biashara na watu wakafa chini ya kifusi. Nasita kusema kurasa hizo zichorweje. Pengine ziachwe na majina tu, ikiwa familia zimeridhia, kwa mwandiko wa ndugu zao.

Uko mfano ambao hutajwa sana na watu wa vitabu vya sanaa. Tarehe 5 Machi 2007 bomu lililipuka Mtaa wa Al-Mutanabbi, Baghdad, mtaa wa wauza vitabu, likaua zaidi ya watu thelathini. Mshairi na muuza vitabu wa San Francisco, Beau Beausoleil, akaita wasanii wa nchi mbalimbali. Yakatengenezwa mabango 130 yaliyochapwa kwa mkono, kisha vitabu vya wasanii zaidi ya mia mbili. Ni kazi ya heshima, na imezunguka dunia. Hata hivyo wengi walioifanya walikuwa mbali sana na Baghdad, na kazi yao ni ya rambirambi kwa mtaa wa wengine. Kariakoo haihitaji rambirambi. Wenyewe wapo, ijapokuwa wametawanyika Tabata, Mbagala na Kinyerezi, na daladala na mwendokasi zinawarudisha kila asubuhi.

Kitabu kikishakamilika kikae wapi? Hati nyingi za Kiswahili za pwani zimehifadhiwa vizuri London, na Mtanzania anayetaka kuzishika anahitaji viza. Lakini upo mfano bora. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza, dunia nzima ikapata picha, na hati zenyewe zikabaki Riyadha. Tufanye hivyo. Nakala moja ikae Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jirani kabisa. Moja ikae shule ya msingi iliyo karibu. Moja ibaki mtaani, dukani kwa mtu anayeaminika, ichukuliwe kwa kuandika jina kwenye daftari, ichafuke mikononi mwa watu. Picha zake ziwekwe kwenye simu za wote waliochangia. Mfadhili akija na fedha na sharti la kuondoka na kitabu halisi, apewe chai na aagwe.

Kuna watakaongoja kibali cha ofisi, bajeti na semina ya uzinduzi. Kazi hii haivihitaji ili kuanza. Inahitaji kaunta buku moja, mtu wa kuandika, na Jumapili mchana, wakati ambapo maduka mengi yamefungwa na mtaa unaonekana.

Msomaji mwenye picha ya nyumba, harusi, timu au duka la Kariakoo ya zamani, itoe kwenye albamu leo. Nyuma yake, kwa penseli laini na mkono mwepesi, maana kalamu ya wino hupenya hadi mbele, andika jina la mtaa, namba ya kiwanja kama unaijua, mwaka, na majina ya wote walioonekana kuanzia kushoto kwenda kulia. Kama majina mengine yamekupotea, mpigie simu shangazi au mjomba usiku huu umwulize.